Je, Wajua? Rimu Moja ya Karatasi Ina Nusu Kilo ya Jiwe

Waulize watu kumi karatasi inatengenezwa kwa nini, na wote kumi watakujibu: mti. Hawajakosea, ila wamekupa nusu ya habari. Ndani ya karatasi mna jiwe, wanga, mafuta, utomvu na rangi. Vingine vimo kwa kiasi cha chumvi kwenye mboga, lakini hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua kama karatasi hiyo itapokea wino, itafuta pua, itabeba kilo 50 za saruji au itakuwa noti.

Mzazi amebeba jiwe kupeleka shuleni

Rimu ya A4 ina karatasi 500 na uzito wa kilo 2.5, yaani gramu 5 kila karatasi. Katika karatasi nyingi za ofisini, kati ya 15% na 25% ya uzito huo ni kalisi kaboneti, jiwe lilelile la chokaa, likiwa limesagwa hadi likawa laini kama poda ya mtoto. Kwa hiyo mzazi aliyeambiwa mtoto aje na rimu moja shuleni anabeba karibu nusu kilo ya jiwe bila kujua. Unga huo hujaza vinafasi vilivyo kati ya nyuzi za mti, na hapo karatasi inakuwa nyeupe, sawasawa, na maandishi ya upande mmoja hayaonekani upande wa pili. Karatasi zinazong'aa za majarida huzidi hapo: madini yanaweza kufika 30% hadi 50%. Choma kipande cha jarida la namna hiyo mahali salama utazame. Moto ukishazima, jivu linabaki limesimama likiwa na umbo la ukurasa, na kinachobaki hapo ni mawe.

Kuna viwanda vinavyotengeneza unga huo kwa moshi wao wenyewe. Wanachukua hewa ya kabonidayoksaidi kutoka kwenye dohani na kuipitisha kwenye maji ya chokaa, na maji yanageuka meupe kama maziwa. Ni jaribio lile la darasani, pale mwanafunzi anapopuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya chokaa. Tofauti ni kwamba hapa mpulizaji ni kiwanda kizima.

Rojo lina maji kuliko uji wa mgonjwa

Rojo linapomwagwa kwenye mtambo wa karatasi, takriban 99% yake ni maji. Kilichobaki ndicho nyuzi za mti na vikolezo vyake vyote. Mitambo mikubwa ya kisasa hukimbiza utando huo wa karatasi kwa mita 1,800 kwa dakika, sawa na kilomita 108 kwa saa. Basi la mkoani likienda mwendo huo, trafiki wa kwanza atalisimamisha. Ndani ya sekunde chache maji hayo yote lazima yawe yametoka. Nyuzi zikishakauka zinashikana zenyewe, bila gundi yoyote, kwa vifungo vidogo mno vya hidrojeni baina ya uzi na uzi. Ukiloweka karatasi vifungo vinaachia, na ndiyo sababu daftari lililonyeshewa hugeuka rojo tena.

Wanga unaopatanisha wanaosukumana

Ukiacha chakula, viwanda vya karatasi ni miongoni mwa watumiaji wakubwa kabisa wa wanga duniani: wa mahindi, wa viazi, wa ngano, na huko Asia hata wa muhogo. Kazi yake moja ni kuongeza nguvu na kuukaza uso wa karatasi, kama bibi zetu walivyotia wanga kwenye kanzu ili ikipigwa pasi isimame.

Kazi ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi. Ndani ya maji, nyuzi za mti zina chaji hasi, na chembe nyingi za madini nazo zina chaji hasi. Wenye chaji sawa husukumana, kwa hiyo ukiviacha hivyo, unga wa jiwe utachuruzika na maji na kupotea. Wakemia wakaubadilisha wanga uwe na chaji chanya. Sasa mkono mmoja unashika uzi, wa pili unashika jiwe, na vyote vinabaki kwenye karatasi.

Karatasi tupu hunywa wino kama mchanga

Dondosha tone la maji kwenye karatasi ya chooni, litapotea hapohapo. Dondosha jingine kwenye ukurasa wa daftari, litakaa juu limevimba kama jicho la samaki. Nyuzi ni zilezile za mti. Kilichotofautisha ni dawa ya kuzuia maji, na bila dawa hiyo kalamu ya wino ingeacha madoa badala ya herufi.

Zamani, kwa dawa hiyo, Wachina na Waarabu walitumia wanga. Mafundi wa nchi za Kiislamu walipaka uso wa karatasi, kisha wakausugua kwa jiwe au kioo mpaka ukateleza chini ya kalamu. Na neno letu lenyewe, karatasi, limetoka kwenye qirtas ya Kiarabu. Katika mji wa Fabriano, Italia, tangu karne ya 13 wakachemsha ngozi na kwato za wanyama wakapata gundi, wakachovya karatasi humo. Kazi ilikuwa ngumu na karatasi nyingi ziliharibika. Mafundi wa Kiingereza wa zamani walikiita chumba cha kazi hiyo machinjio.

Mwaka 1807, Mjerumani Moritz Friedrich Illig akatangaza njia nyingine: changanya utomvu wa msonobari na shabu moja kwa moja kwenye rojo. Hakuna tena kuchovya karatasi moja moja. Ni shabu ileile ambayo watu hutumbukiza kwenye ndoo ili matope yatuame, ileile kinyozi anayopitisha kidevuni baada ya wembe. Ilikuwa rahisi, ilikwenda sawa na mitambo mipya iliyokuwa ikianza, na ikaenea dunia nzima.

Shabu hiyohiyo ndiyo iliyokula vitabu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sijui kisa kingine cha kikolezo kidogo kilichofanya mambo makubwa namna hii.

Nyumbani kwetu kuna kitabu kilichochapwa miaka ya 1930, urithi wa babu. Kukifungua ni kazi ya mikono miwili. Kurasa zina rangi ya chai ya rangi, na ukikunja pembe ya ukurasa inakatika kama papadi, halafu vumbi la hudhurungi linabaki kwenye vidole. Hakijaliwa na mchwa wala hakijalowa. Kimejila chenyewe. Shabu iliyotiwa kwenye rojo huacha tindikali ndani ya karatasi, na tindikali hiyo, ikisaidiwa na unyevu na joto, inakata minyororo ya selulosi kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Mwaka 1959 Mmarekani William Barrow alichapisha matokeo ya kupima karatasi za vitabu 500 vilivyochapwa Marekani kati ya 1900 na 1949. Akaonyesha kuwa vingi sana visingemaliza nusu karne nyingine. Wakutubi walishtuka, na walikuwa na haki. Vitabu vya karne ya 15, vilivyotengenezwa kwa matambara, vilikuwa imara kuliko vya juzi! Hata huku kwetu, misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, iliandikwa kwenye karatasi kutoka ng'ambo, na kurasa zake zinasomeka mpaka leo.

Tiba ilikuwa lile jiwe la rimu yetu. Chokaa huua tindikali. Kuanzia miaka ya 1950 zikapatikana dawa mpya za kuzuia maji, zinazotokana na mafuta na zisizohitaji shabu, na kiasi kinachotosha ni takriban kilo 1 au 2 tu kwa tani nzima ya karatasi. Viwanda vikaachana na tindikali, na vikawa huru kutia chokaa vitakavyo. Kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, kilichotolewa 1994, kinadai karatasi iwe na akiba ya kuua tindikali inayolingana na angalau 2% ya kalisi kaboneti. Ukiona kwenye kurasa za mwanzo za kitabu duara lenye nane iliyolala ndani yake, ujue kitabu hicho kimechapwa kwenye karatasi iliyokusudiwa kuishi kuliko wewe.

Weupe wa karatasi una buluu ndani

Waliosoma shule za zamani wanakumbuka shati jeupe la sare lililosuuzwa kwa maji ya buluu ili lisionekane la manjano. Watengeneza karatasi hufanya hivyohivyo, hutia tone la rangi ya buluu au zambarau kwenye rojo, na jicho linasadiki kuwa linaona weupe zaidi.

Siku hizi kuna mbinu kali zaidi. Ni vikolezo vinavyomeza miale ya jua tusiyoiona, ile ya urujuanimno, na kuitoa tena ikiwa mwanga wa kibuluu tunaouona. Karatasi hiyo hurudisha mwanga unaoonekana mwingi kuliko ule unaoiangukia, ndiyo maana rimu mpya ukiifungua juani inakuumiza macho. Mwaka 1929 Mjerumani Paul Krais aliona jambo hili kwa kutumia dawa ya mmea, iliyotolewa kwenye gome la mti: kitani alichokichovya humo kikaonekana cheupe zaidi. Sabuni nyingi za unga za kufulia nazo zina vikolezo vya ukoo huohuo.

Noti halali haiwaki chini ya taa

Mama muuza duka aliye na kitaa cha zambarau chini ya kaunta anafanya kemia. Karatasi ya kawaida ikiwekwa chini ya taa hiyo inawaka buluu kwa sababu ya vile vikolezo vya weupe. Noti nyingi za karatasi zimetengenezwa kwa pamba bila vikolezo hivyo, kwa hiyo zinabaki zimenyamaza gizani, ukiacha alama maalumu zilizotiwa makusudi. Dola ya Marekani ni pamba 75% na kitani 25%.

Lakini angalia: noti halali iliyosahauliwa mfukoni mwa suruali ikafuliwa inaweza kutoka ikiwaka, maana imenywa weupe wa sabuni. Usimwite mtu mwizi kabla ya kumuuliza nani anamfulia.

Kalamu ile ya kupimia dola kwenye maduka ya kubadilishia fedha ina iodini. Iodini ikikutana na wanga hugeuka nyeusi, kama tulivyoona darasani tulipodondosha iodini kwenye kipande cha muhogo. Karatasi ya dukani ina wanga, dola haina. Mstari ukiwa mweusi, umeshikishwa bandia.

Kurasa za msahafu na Biblia zina madini ya rangi ya nyumba

Karatasi ya Biblia ndogo ni nyembamba mara mbili au zaidi kuliko ya ofisini, na bado mstari wa upande wa pili haukusumbui. Mara nyingi siri ni titani dayoksaidi, unga mweupe uleule ulio kwenye rangi ya kupaka kuta. Bila unga wa namna hiyo, kitabu cha kurasa elfu moja na zaidi kisingeingia kwenye mkoba.

Kipakiti cha chai ni ndugu wa mgomba

Karatasi ya kawaida ikilowa hubaki na takriban 5% tu ya nguvu zake. Sasa fikiria kipakiti cha chai kinachotumbukizwa kwenye maji yanayochemka, kikavutwa kwa uzi, kikakamuliwa kwa kijiko, na kisipasuke. Vipakiti vingi hutengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino ulio ukoo mmoja na mgomba, na huongezewa resini inayofunga nyuzi kwa vifungo ambavyo maji hayavifungui.

Resini za aina hiyo zilianza kutumika kwa wingi kuanzia miaka ya 1950 na 1960, na takriban 1% inatosha. Ndizo zinazotofautisha karatasi ya kufutia meza jikoni na ya chooni. Ya chooni huachwa bila resini makusudi, ili ikifika majini isambaratike. Ukitupa ya jikoni chooni, bomba litaziba, na fundi atakayekuja atakwambia jambo hilihili kwa maneno makali zaidi.

Tishu ni laini kwa sababu iligandishwa kwa gundi

Karatasi ya tishu hupita juu ya pipa kubwa la chuma lenye joto, lililonyunyiziwa gundi, ikanata hapo ikikauka. Kisha wembe mrefu unaibandua kwa kuikwangua, na ikikwanguliwa inajikunja mikunjo midogo mno. Mikunjo hiyo ndiyo ulaini unaousikia puani. Vuta kipande cha tishu taratibu, utaona kinarefuka kabla ya kukatika. Gundi ikizidi karatasi inachanika, ikipungua mikunjo haipatikani, kwa hiyo mtu wa zamu hutazama kipimo chake kama mpishi anavyotazama wali wa harusi.

Risiti ya dukani haina wino hata tone

Chukua risiti ya mashine ya EFD, ikwangue haraka kwa ukucha. Utaacha mstari mweusi! Karatasi yenyewe ndiyo yenye rangi. Juu yake kuna tabaka la rangi isiyoonekana pamoja na mwenzake, aina ya tindikali, wamelala pamoja bila kugusana. Joto la mashine, au la msuguano wa ukucha, linawayeyusha, wanakutana, herufi inatokea.

Tatizo ni kwamba wakikutana wanaweza pia kuachana. Niliwahi kutunza risiti ya jokofu kwenye mfuko wa plastiki nikidhani naihifadhi vizuri. Siku jokofu lilipokufa, dhamana ikiwa bado haijaisha, nilitoa karatasi nyeupe pee. Vilainishi vilivyomo kwenye plastiki, mafuta ya mikono, jua na joto, vyote hufuta maandishi hayo. Risiti ya maana itolee kopi au ipige picha siku hiyohiyo. Tangu Januari 2020 Umoja wa Ulaya umebana matumizi ya bisfenoli A, mojawapo ya wale wenza wa rangi, kwa sababu ya wasiwasi wa kiafya kwa wanaozishika risiti kutwa nzima.

Nakala ya pili ilitokana na vidonge visivyoonekana

Zile hati za nakala tatu ambazo ukiandika juu inatokea chini, bila karatasi ya kaboni, ziliingia sokoni Marekani mwaka 1954. Nyuma ya karatasi ya juu kuna mamilioni ya vidonge vidogo kuliko chembe ya vumbi la unga, kila kimoja kikiwa na rangi isiyoonekana. Kalamu ikikandamiza, vidonge vinapasuka, na rangi inakutana na udongo maalumu uliopakwa kwenye karatasi ya chini na kugeuka buluu. Maganda ya vidonge vya kwanza yalitengenezwa kwa jelatini na gundi ya migunga, ile ambayo Sudan ndiyo inayoongoza kuiuza duniani. Utomvu wa mti wa jangwani umeshika saini za wafanyabiashara wa dunia nzima!

Vanila iliyotoka kwenye majitaka

Gazeti linageuka manjano juani kwa sababu ya lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi ndani ya mti. Ikivunjika hutoa, pamoja na vitu vingine, vanilini, kiini cha harufu ya vanila. Ile harufu tamu ya maktaba yenye vitabu vya zamani ndiyo hiyo.

Viwanda vya karatasi vikagundua kuwa majitaka yao yana lignini tele. Mwaka 1981 kiwanda kimoja cha Thorold, Ontario, Kanada, kilikuwa kikitoa takriban 60% ya vanilini ya viwandani iliyouzwa duniani. Wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda, wanaochavusha ua moja moja kwa mkono, wanajua jinsi ladha ya kweli inavyopatikana kwa jasho.

Kaki inanuka yai viza, na pua yako ni hodari

Mfuko wa saruji na bahasha ya kaki hutokana na njia iliyovumbuliwa na Carl Dahl mwaka 1879 huko Danzig: vipande vya mti vinachemshwa kwenye magadi makali na salfaidi ya sodiamu. Karatasi yake ni imara mno, na jina lake la Kijerumani, Kraft, maana yake ni nguvu. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza karatasi ya namna hiyo kwa misonobari ya nyanda za Iringa.

Harufu ya viwanda hivi haisahauliki. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa sehemu chache tu katika bilioni ya hewa. Sehemu moja katika bilioni ni kama sekunde moja katika miaka karibu 32. Binamu wa harufu hiyo hutiwa makusudi kwenye gesi ya kupikia, ili mtungi ukivuja ujue. Na maji meusi yanayobaki baada ya kuchemsha hayamwagwi: yanachomwa, yanatoa umeme na mvuke wa kuendesha kiwanda, na kwenye viwanda vya kisasa zaidi ya 95% ya dawa hurudi kwenye kazi.

Magazeti ya jana hufuliwa kwa sabuni

Mwaka 1774, mwanasheria Justus Claproth wa Göttingen, Ujerumani, alichapa kijitabu kwenye karatasi iliyotokana na karatasi kuukuu zilizoondolewa wino. Leo kazi hiyo hufanywa kwenye matangi makubwa. Magazeti hulowekwa na magadi, sabuni na dawa ya kung'arisha, kisha mapovu ya hewa hupulizwa kutoka chini. Wino hauyapendi maji. Unajishikiza kwenye mapovu na kupanda nayo, na juu ya tangi linajengeka povu zito, la kijivu cha moshi, linalochotwa kama povu la maharage. Uzi mmoja wa mti unaweza kupita safari hii mara tano hadi saba kabla haujawa mfupi mno kushikana na wenzake. Safari ya mwisho mara nyingi ni trei ya mayai.